Kicheko Kikae Nyuma ya Neno: Vitabu vya Vichekesho kwa Wanaoanza Kusoma

Mtoto anayeanza kusoma akifungua kitabu, jicho lake huenda kwenye picha kabla halijagusa herufi hata moja. Picha hutoa habari yake kwa kufumba na kufumbua, ilhali sentensi ya maneno matano inaweza kumchukua mtoto huyo nusu dakika nzima, akiunga silabi moja baada ya nyingine. Hakuna mwalimu wala mzazi atakayelibadilisha hilo. Kwa hiyo anayetengeneza kitabu cha kuchekesha kwa darasa la 1 hadi la 3 ana swali moja la kujiuliza kabla ya mengine yote: picha ikishaonwa, kicheko kimebaki au kimekwisha?

Ikiwa kimekwisha, maneno yaliyo chini ya picha ni kibarua kisicho na ujira. Mtoto ataangua kicheko, atafunua ukurasa unaofuata, atacheka tena, na atakifunga kitabu hajasoma mstari hata mmoja. Watu wazima watasema watoto wanakipenda, na kweli wanakipenda, ila kazi kiliyoandikiwa hakijaifanya. Upande wa pili kuna mtego mwingine: kichekesho kilichojazwa ndani ya aya ndefu. Mtu mzima akiisoma kwa sauti, watoto huvunjika mbavu. Mtoto akiachiwa asome mwenyewe, anafika mwisho wa aya ameshausahau mwanzo.

Kicheko kinapaswa kukaa nyuma ya neno. Picha imdokezee mtoto kwamba kuna jambo, neno limpe ufunguo, kisha airudie picha na kuiona kwa macho mapya. Hapo kusoma kunalipa papo hapo, na mtoto aliyelipwa mara moja atasoma mstari wa pili bila kusukumwa.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jambo hili linavyofanya kazi. Rosie's Walk, kitabu cha Pat Hutchins cha mwaka 1968, kina maneno 32 tu kwa Kiingereza. Maneno hayo yanasema kuku alitoka kutembea, akapita hapa na pale, akarudi nyumbani. Katika picha, mbweha anamnyemelea kila hatua na kila mara anapatwa na janga, lakini maneno hayamtaji mbweha hata mara moja. Anayetazama picha peke yake anaona mbweha mwenye bahati mbaya. Anayesoma anaona zaidi: anaona kwamba msimuliaji amenyamaza, na kuku hana habari. Mtoto hawezi kujua kwamba maneno yamenyamaza bila kuyasoma.

Kiswahili kina nafasi zake, na nyingi hatuzitumii. Tazama sentensi hii: "Baba alisema, 'Sifa, panda mti.'" Funua ukurasa: "Sifa alipanda mti." Katika mchoro wa kwanza Baba ameshika mche na jembe. Katika wa pili Sifa yuko juu kabisa ya mti mkubwa, anapunga mkono. Aliyetazama picha tu ameona msichana juu ya mti, na wasichana hupanda miti kila siku. Aliyesoma ndiye anayegundua kwamba Sifa ametii kabisa alichoambiwa. Kazi imekwisha hapo. Lakini mkono wa mwandishi utawasha, utataka kuongeza: "Kumbe Sifa hakuelewa kwamba Baba alitaka apande mche ardhini." Sentensi hiyo ina maneno tisa magumu kuliko yote yaliyotangulia, na inamnyang'anya msomaji ugunduzi aliokuwa ameufanya mwenyewe. Kalamu ya mhariri ianzie hapo. Kila sentensi inayoanza na "kumbe" katika mswada wa darasa la 1 ikaguliwe kwanza. Mara nyingi ni maelezo ya mzaha uliokwisha kueleweka.

Michezo ya maneno ina sharti ambalo haliepukiki: maana zote mbili ziwe tayari kinywani mwa mtoto kabla hajafungua kitabu. "Panda" inapita popote Kiswahili kinaposemwa. "Paa amepaa juu ya paa" inapita kwa aliyewahi kusikia mnyama wa jamii ya swala akiitwa paa, na asiyemjua atabaki na paa la nyumba tu. "Mbuzi" ya kukunia nazi na mbuzi mnyama ni kichekesho cha kutosha kwa mtoto aliyekua na kifaa hicho, ila kwa asiyekifahamu ni fumbo lisilo na jibu, na hakuna picha itakayolifumbua kwa wakati. Anayetaka kuokoa kichekesho kama hicho aitumie maana ngeni mara mbili au tatu kwenye kurasa za mwanzo, kwa uwazi na bila mzaha wowote, ndipo aje kuichezea.

Umri nao una lake. Mwanasaikolojia wa Marekani Paul McGhee, aliyechunguza kwa miaka mingi jinsi ucheshi unavyokua kwa watoto, aliweka takribani miaka 7 kuwa wakati ambapo watoto huanza kufurahia neno lenye maana mbili. Kabla ya hapo wanacheka kitu kilichokaa pasipo pake: kuku aliyevaa viatu, kiti kilichopanda juu ya meza, mtu mzima aliyevaa kofia mguuni. Ndiyo maana kitabu kizima cha maneno ya maana mbili kikipelekwa darasa la 1 kitakutana na nyuso zilizonuna, na kitabu hicho hicho darasa la 3 kitaokolewa kabatini na watoto wenyewe. Kwa darasa la 1 weka uzito kwenye mambo yaliyokaa kichwa chini miguu juu, kisha tia mchezo mmoja wa maneno karibu na mwisho. Watakaoupata wataupata, wengine hawatapoteza hadithi.

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe, maana hapa ndipo vitabu vingi vya Kiswahili hukwama. Hesabu za Kiingereza hazihamishiki. Green Eggs and Ham, kitabu cha mwandishi wa Marekani Dr. Seuss cha mwaka 1960, kimeandikwa kwa maneno 50 tofauti, na 49 kati ya hayo yana silabi moja tu. Kiswahili hakina akiba hiyo. Maneno yetu ya silabi moja ni na, ni, si, tu, ya, la, cha na wenzao wachache. Kitenzi kimoja chetu hubeba mtenda, wakati, mtendwa na tendo, na wakati mwingine kirejeshi juu yake. Kwa hesabu ya maneno, "Aliyewapelekea" ni neno moja. Kwa mtoto anayeunga silabi ni mlima: a-li-ye-wa-pe-le-ke-a, silabi nane. Mchapishaji anayeagiza "maneno yasiyozidi 20 kwa ukurasa" bila kutaja silabi hajaagiza kitu.

Vipimo ninavyoona vinafaa ni hivi. Darasa la 1, maneno 8 hadi 15 kwa ukurasa, mengi ya silabi mbili na tatu, na neno la silabi tano au zaidi lisitokee zaidi ya mara moja katika kurasa mbili zinazotazamana. Darasa la 2, maneno 20 hadi 35. Darasa la 3, hadi 60, na hapo mnaweza kugawa hadithi katika sura za kurasa nne au tano. Herufi zetu zinasaidia sana kwa kuwa husomwa karibu kama zilivyoandikwa, kwa hiyo ugumu hauko katika kukisia matamshi. Uko katika urefu, na katika mikusanyiko ya konsonanti: mbw, ngw, nyw, ng', na ile m inayojitegemea kama silabi.

Hebu tulisogeze jambo hili karibu. Huu ni ukurasa wa mswada wa kubuni, wa aina inayopatikana mara kwa mara:

"Siku moja Juma alikuwa anatembea kando ya mto huku akiwa amebeba ndoo kubwa ya bluu iliyojaa maji, ghafla akateleza na kuanguka ndani ya matope mazito na maji yakammwagikia kichwani."

Maneno 29, sentensi moja. "Kubwa ya bluu" ni kazi ya mchoraji. "Siku moja" haisaidii kitu. "Yakammwagikia" lina silabi saba, na ndani yake m mbili zimebanana: ya kwanza ni silabi peke yake, ya pili imeshikana na wa. Msomaji mchanga atasimama hapo, atarudi mwanzo wa neno, na akishalimaliza, anguko la Juma litakuwa limepoa. Isitoshe, kichekesho kimewekwa katikati ya sentensi na mwisho wake ni "kichwani", neno lisilochekesha. Andika upya. Ukurasa wa kulia:

"Juma amebeba ndoo. Ndoo imejaa maji. Juma haoni mbele. Tapwi!"

Funua. Ukurasa wa kushoto:

"Sasa Juma haoni hata nyuma."

Katika mchoro wa kwanza ndoo imemkinga Juma macho, na mbele yake njia inagawanyika mara tatu: mto, rundo la mchanga, dimbwi la matope. Katika mchoro wa pili Juma amekaa, ndoo imemfunika kichwa mpaka mabegani. Maneno ni 15 badala ya 29, sentensi ndefu kuliko zote ina maneno matano, na hakuna neno hata moja linalozidi silabi nne.

Ile "Tapwi!" imefanya kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Kiswahili kina tanakali za sauti zinazotaja mahali kitu kilipoangukia: majini ni chubwi, matopeni ni tapwi, mchangani ni tifu, sakafuni ni pu. Mtoto anayezijua akisoma "Tapwi!" chini ya ukurasa wa kulia, anajua kabla ya kufunua kwamba Juma hakuangukia mtoni wala mchangani. Amekisia, anafunua kuhakikisha, na anajikuta yuko sahihi. Maneno hayo ni mafupi, yana silabi mbili au moja, na yanadai kusomwa kwa sauti. Ni zawadi kwa mwandishi wa vitabu hivi, na inasikitisha kuona vitabu vya Kiswahili vikijaza michoro sauti zilizokopwa kutoka katuni za kigeni ambazo mtoto hajawahi kuzisikia zikitoka mdomoni mwa mtu. Ukitaka ukurasa mweusi wote, unao "giza totoro". Ukitaka ukimya, unao "kimya ji". Chora ukurasa mweusi wenye macho mawili na uandike "Giza totoro." Ukurasa unaofuata macho manne: "Kimya ji!" Mtoto wa miaka sita hatahitaji zaidi ya hapo ili afunue tena.

Upatanisho wa ngeli ni suala ambalo sijaona likishughulikiwa inavyostahili, nalo ndilo linaloharibu vichekesho vingi kimyakimya. Katika Kiswahili kitenzi humfichua mhusika kabla hajatajwa. Andika "Ndani ya sanduku alikuwa amelala…" na uache nukta za kusubirisha: ile a- imeshamwambia mtoto kwamba kilichomo ni kiumbe hai. Ukiandika "ilikuwa imelala", umeshaondoa mtu na mnyama wote. Mwandishi anadhani ameficha siri, kumbe kiambishi kimeipiga mbiu. Dawa ni ngeli ya mahali. "Ndani ya sanduku mlikuwa na…" haisemi lolote juu ya kilichomo, na mahali pa kicheko pabaki pazima hadi neno la mwisho: kiboko. Au tumia "kitu": "Kitu kilikuwa kinakoroma ndani ya sanduku." Soma kila mstari wa maandalizi ukiangalia viambishi peke yake. Ni kazi ya dakika kumi kwa kitabu kizima, na inaokoa mengi.

Kiambishi hicho hicho a- kinaficha pia, ukijua kukitumia. Hakisemi kama ni mwanamume au mwanamke, wala kama ni mtu au mnyama. "Anapiga mswaki. Anavaa miwani. Anasoma gazeti." Michoro mitatu inaonyesha kivuli, ncha ya kiatu, gazeti lililofunika uso. Ukurasa wa nne gazeti linashuka: mamba. Lugha inayolazimika kutaja jinsia katika kila kiwakilishi ingesumbuka hapa. Sisi tunapewa bure.

Na kuna furaha ya kubadilisha upatanisho makusudi. Ukurasa wa 6: "Kiatu kimo chini ya kitanda." Ukurasa wa 8: "Kiatu yumo chini ya kitanda." Picha ya pili inaonyesha jozi ya macho gizani. Silabi moja imebadilika, na kiatu kimekuwa mtu. Kwa darasa la 3, na kwa watoto waliokua na Kiswahili masikioni, hiki ni kichekesho cha daraja la juu. Kwa watoto wanaojifunza Kiswahili shuleni kama lugha ya pili kinaweza kupita bila kuonekana, au kikaacha kosa midomoni mwao. Kwao tumia udogo na ukubwa, ambao picha inausaidia. Mhusika anasimulia alichokutana nacho: mara ya kwanza ni kijoka, mara ya pili nyoka, mara ya tatu joka. Kila anaposimulia mikono inazidi kutanuka. Mchoraji anaweka kwenye kona ya kila ukurasa kipande kile kile cha kamba, kwa ukubwa ule ule. Neno linakua, kamba haikui.

Vitendawili navyo vina umbo la kitabu cha aina hii tayari, ila michoro huvivunja. "Nyumba yangu haina mlango" inawekwa kwenye ukurasa pamoja na picha ya yai, eti ili mtoto aelewe. Chora nyumba isiyo na mlango, na mtu anayeizunguka akitafuta pa kuingilia. Yai lisubiri nyuma ya ukurasa.

Hilo linatuleta kwenye ufunuo wa ukurasa, ambao katika vitabu hivi ndio saa ya kichekesho. Kitabu cha picha huwa na kurasa 32 kwa sababu karatasi ya mtambo wa uchapaji hukunjwa ikatoa kurasa 8 au 16, na 32 ni mara mbili ya 16 bila kutupa kitu. Kurasa 4 za kwanza zikienda kwenye jina la kitabu na taarifa za mchapishaji, hadithi inaanza ukurasa wa 5, ulio kulia, na kuishia wa 32. Hapo una mifunuo 14, haizidi. Maandalizi ya kila kichekesho yakae ukurasa wa kulia, wenye namba witiri. Matokeo yakae kushoto, namba shufwa, nyuma yake.

Janga linalotokea mara nyingi ni hili. Kitabu kimepangwa vizuri, kila kicheko kiko nyuma ya ukurasa. Wiki ya mwisho kabla ya kuchapa, mtu anaongeza ukurasa mmoja mbele: shukrani, au neno kwa mwalimu. Kurasa zote zinasogea hatua moja. Maandalizi yaliyokuwa ukurasa wa 7 sasa yako wa 8, na matokeo yaliyokuwa wa 8 yako wa 9, uso kwa uso. Mtoto anaona ndoo kichwani mwa Juma kabla hajasoma kwamba Juma amebeba ndoo. Vichekesho vyote 14 vimekufa kwa siku moja na hakuna neno hata moja lililobadilishwa. Ukitaka kuongeza, ongeza kurasa mbili au usiongeze kabisa, au peleka neno kwa mwalimu ndani ya jalada la nyuma.

Kinga ya haya ni kijitabu cha majaribio. Chukua karatasi 8 za A4, zikunje katikati na uzichomeke moja ndani ya nyingine: kurasa 32. Bandika maneno na michoro ya penseli, hata iwe vijiti tu. Fanya hivyo kabla mchoraji hajaanza kuchora kwa rangi, kwa sababu kuhamisha mchoro wa penseli ni dakika moja, na kuhamisha mchoro uliomalizika ni ugomvi. Ukishakuwa na kijitabu mkononi utaona pia mgongo wa kitabu unavyomeza picha. Uso wa mhusika, neno, au kitu kinachochekesha kisikaribie mkunjo chini ya sentimita 1.5 kila upande.

Viputo vya maneno, yale maduara yanayobeba maneno ya wahusika ndani ya picha, vina kanuni moja ambayo wachoraji wapya huivunja bila kujua. Msomaji wetu anasoma kutoka kushoto kwenda kulia na juu kwenda chini, kwa hiyo anayeanza kusema lazima asimame kushoto, au kiputo chake kiwe juu zaidi. Mchoraji akimweka anayejibu upande wa kushoto kwa kuwa picha inapendeza hivyo, mtoto atasoma jibu kabla ya swali. Amueni nani anatangulia kusema kabla ya kuchora watu. Na viputo viandikwe kwa herufi ndogo za kawaida, herufi kubwa zibaki mwanzoni mwa sentensi na kwenye majina. Mtindo wa katuni wa herufi kubwa tupu unamsumbua mtoto ambaye amezoea kusoma maneno kwa umbo la herufi ndogo.

Ukubwa wa herufi kwa darasa la 1 uwe pointi 18 hadi 22, mistari ianzie kushoto kwa usawa bila kulazimishwa kujaa upande wa kulia, na neno lisikatwe mwishoni mwa mstari hata kidogo. Ya, la, cha na wa zisiachwe zikining'inia mwisho wa mstari: "ndoo ya" juu na "maji" chini humfanya mtoto asimame mahali pasipo na maana. Chagua fonti ambayo a na g zake zinafanana na zile anazoandika mtoto, kisha andika ndani yake neno "ng'ombe" na uitazame ile alama ya ng'. Fonti nyingi za mapambo huitupa mbali na g au huifanya ndogo isionekane, na mtoto anasoma "ngombe".

Juu ya kile kinachochekwa, nina msimamo. Mtoto anayejikwaa katika kusoma akikutana na mhusika anayechekwa kwa kugugumia, kwa unene, kwa umaskini wa nguo zake au kwa kushindwa kusoma, anajua wanaochekwa ni watu kama yeye, na atakiweka kitabu chini. Cheka pamoja na mdogo dhidi ya jambo kubwa: mzee anayejifanya anajua njia, simba anayeogopa sisimizi, mwalimu anayetafuta miwani iliyo juu ya kichwa chake. Watoto wanapenda kumzidi mtu mzima maarifa, hata kwa ukurasa mmoja. Kujamba na kucheua hakuwezi kukosa kuchekesha umri huo na sioni haja ya kukukataza, ila hakudumu: mara ya tatu ya kusoma hakuna anayecheka tena. Kinachodumu ni kitu kidogo kisichotajwa kwenye maneno, kama konokono anayesogea kidogo kila ukurasa mpaka ukurasa wa 32 anakuwa wa kwanza kufika.

Jaribio la mwisho ni watoto, na lisifanywe na mwandishi kusoma kwa sauti, kwa sababu sauti ya mtu mzima huokoa hata mswada mbovu. Mkalishe mtoto mmoja mmoja, asome mwenyewe. Marie Clay wa Nyuzilandi, aliyeweka utaratibu wa kurekodi usomaji wa mtoto neno kwa neno, alitumia mipaka ambayo bado inatumika: maneno 95 kati ya 100 au zaidi yakisomwa sawasawa, matini ni rahisi, 90 hadi 94 inafaa kujifunzia akiwa na msaada, chini ya 90 ni ngumu. Kwa vichekesho usikubali chini ya 95. Ukurasa wa maneno 20 unamruhusu mtoto kukwama kwenye neno moja. Akikwama kwenye mawili, akili yote iko kwenye silabi, na mzaha unapita bila kuonekana.

Andaa karatasi yenye safu nne kwa kila ukurasa: maneno aliyokosea, mahali aliposimama, kama alicheka, na kama kicheko kilitoka kabla au baada ya kusoma. Kikitoka kabla, mchoro umefichua; mrudishie mchoraji. Kisipotoka kabisa na hakuna kosa la kusoma, tatizo liko kwa mwandishi. Kisipotoka na makosa ni mengi, punguza silabi kwanza kabla ya kuulaumu mzaha. Watoto watano au sita wanatosha kuonyesha kurasa zilizolala. Chora pia mshale pembeni kila mtoto anapofunua ukurasa kurudi nyuma, kwenda kutazama tena picha aliyokwisha kuiona. Kurasa zenye mishale msiziguse.